Tuzo huipenda sauti ya dhiki, swali lililoileta dhiki huliacha mlangoni

Kila inapofika Oktoba, mimi hulijua swali nitakaloulizwa darasani hata kabla sijaweka mkoba mezani. "Mwalimu, mbona Ngũgĩ hajapewa Nobel?" Ndivyo lilivyoulizwa miaka nenda miaka rudi. Tangu Mei 2025, Ngũgĩ wa Thiong'o alipotuaga akiwa Marekani, swali limebadilika kiambishi tu: "Mbona hakupewa?" Wapenzi wa sarufi wanaielewa tofauti. Ile "-ja-" ilikuwa na tumaini ndani yake. Hii "-ku-" imefunga mlango.

Wanafunzi huwa na majibu yao tayari. Ati aliponzwa na kuandika kwa Kikuyu. Ati siasa zake zilikuwa kali mno kwa Wazungu. Ati wazee wa Uswidi hawakumsoma. Mimi huwaambia kwamba mjadala huo wote ni wa kubahatisha. Akademi ya Uswidi, yenye viti 18, hupokea mapendekezo kutoka kwa watu maalumu, wakiwemo maprofesa wa fasihi na lugha, viongozi wa vyama vya waandishi na washindi wa awali, kisha huyafungia kumbukumbu zake kwa miaka 50. Mengi ya majalada ya miaka ambayo jina la Ngũgĩ lilikuwa midomoni mwa watu bado yana kufuli. Mwenyewe aliwahi kusimulia kwamba mwaka 2010 wapigapicha walikusanyika nje ya nyumba yake kule California wakingoja atangazwe. Ilipobainika kuwa mshindi ni Mario Vargas Llosa wa Peru, Ngũgĩ ndiye aliyebaki kuwaliwaza hao wapigapicha!

Leo sitaki kuliendeleza swali hilo la nani kapewa na nani kanyimwa. Ninataka tuligeuze kidogo. Tuzo kubwa za fasihi hupenda kujinadi kuwa ni marafiki wa uhuru wa kusema. Je, ni kweli? Mwandishi anapoingia matatani kwa sababu ya alichokisema, tuzo humsaidia nini?

Tuanzie nyumbani, maana ukiwa na taa huanza kumulika chumbani mwako. Mwaka 1968 kijana mmoja wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliyekuwa mfuasi wa chama cha upinzani cha KPU kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, aliandika waraka wenye anwani ya maneno mawili tu: Kenya: Twendapi? Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 22, alitiwa hatiani kwa uchochezi. Alikaa gerezani hadi 1972, sehemu kubwa ya kipindi hicho akiwa ametengwa na wafungwa wenzake. Humo ndani aliandika mashairi kwenye karatasi za choo, yakapenyezwa nje kwa siri. Mwaka 1973 yalichapishwa na Oxford University Press yakiitwa Sauti ya Dhiki.

Haya, sasa sikia ajabu. Mwaka 1974 diwani hiyo ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Soma tena jina la tuzo. Serikali ya Mzee Kenyatta ilimfunga mshairi kwa sababu ya alichokisema, na tuzo yenye jina la Mzee Kenyatta ikamvika taji kwa aliyoyaandika akiwa kifungoni. Wakati huo mshairi mwenyewe hakuwa hata nchini. Alikuwa amekwishahamia Tanzania.

Wahenga walisema Mgala muue na haki umpe. Kwa muda mrefu nilipokuwa nikifundisha diwani hii niliitumia methali hiyo kuieleza tuzo ya 1974, na wanafunzi walicheka, nami nikaridhika. Niliamini kwamba hapo haki ilipewa mwenyewe. Siku hizi sina hakika. Kadiri ninavyoyarudia mashairi yale, ndivyo ninavyoona kuwa methali inasema zaidi ya nilivyokuwa nikiisikia. Aliyepewa haki katika methali hiyo amekwishauawa.

Ebu tutazame ni kitu gani hasa kilichotuzwa. Sauti ya Dhiki ni kazi iliyofumwa kwa ustadi. Ina lahaja ya Kimvita iliyokolea, vina na mizani vilivyotulia, na mafumbo ya kina. Katika shairi la "Mamba", mshairi anazungumza na mnyama wa mtoni mwenye nguvu na kiburi, na msomaji yeyote aliyeishi Kenya ya wakati ule alijua mto ni upi na mamba ni nani. Katika "Siwati", anakataa kata kata kuliacha analoliamini ili apate nafuu. Wahakiki wengi, nami nikiwamo, tumeandika kurasa kwa kurasa kuhusu jazanda hizo. Majaji wa 1974 walizisifu kwa haki kabisa, na ninawavulia kofia kwa ujasiri wao. Katika Kenya ya siku zile haikuwa jambo jepesi kulitia jina la Abdilatif kwenye orodha ya washindi.

Lakini waraka je? Lile swali la "twendapi" lilituzwa na nani? Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tuzo ilikitenga kilio na kilichomliza mtu. Mashairi yaliingia ukumbini yakapigiwa makofi. Waraka ulibaki mlangoni, mahali ulipoachwa na hakimu. Lugha ya fumbo ilikubalika kwa sababu fumbo humwachia kila mtu njia ya kutokea. Mkubwa anaweza kusema, "Mimi si mamba." Swali la moja kwa moja halina njia hiyo. Na uhuru wa kusema haupimwi kwa fumbo zuri. Hupimwa kwa lile swali lililoulizwa waziwazi, hata kama limeandikwa kwa nathari ya kawaida isiyostahili tuzo yoyote.

Ukitaka ushahidi kwamba tuzo ile haikubadilisha chochote kwa upande wa dola, hesabu miaka. Mwaka 1974 mshairi alitunukiwa. Mnamo Desemba 31, 1977, serikali ile ile ilimkamata Ngũgĩ na kumweka kizuizini bila kumshtaki mahakamani, baada ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, kuigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Naye, akiwa Kamiti, akaandika riwaya kwenye karatasi za choo. Nchi iliyomtuza mwandishi wa karatasi za choo ilikuwa imekwishampata mwingine wa kumkabidhi karatasi hizo.

Msomaji anaweza kuniambia, "Hayo ni ya kwetu. Tuzo kubwa za dunia haziko hivyo." Twende huko basi.

Mwaka 1958 Nobel ilimwendea Boris Pasternak wa Muungano wa Sovieti. Riwaya yake, Doctor Zhivago, ilikuwa imekataliwa kwao ikachapishwa Italia mwaka uliotangulia. Kwanza mshindi alituma simu ya maandishi ya shukrani. Siku chache baadaye, akiwa amekwishafukuzwa kutoka chama cha waandishi na magazeti yakimtukana kila kukicha, alilazimika kuikataa. Alifariki mwaka 1960, na nishani ilipokewa na mwanawe mwaka 1989. Mwaka 2014 nyaraka zilizotolewa hadharani Marekani zilithibitisha kwamba shirika la ujasusi la CIA lilisaidia kuchapisha na kueneza riwaya hiyo kwa Kirusi. Kwa hiyo upande mmoja ulimtesa mwandishi, na upande mwingine ulimgeuza risasi. Sina shaka kwamba riwaya yenyewe ni kubwa. Ninachosema ni kwamba mafahali wawili walipopigana, Pasternak ndiye aliyekuwa nyasi, na tuzo haikuwa na ukuta wa kumkinga.

Miaka 30 baadaye, yaani 1988, Nobel ilimwendea Naguib Mahfouz wa Misri, Mwarabu wa kwanza kuipata ile ya fasihi. Ilikuwa furaha kubwa kutoka Cairo hadi kwetu pwani. Lakini umaarufu huo uliifufua pia hasira ya zamani juu ya riwaya yake ambayo baadhi ya viongozi wa dini waliiona kuwa inakufuru. Mwaka 1994 kijana mmoja alimdunga kisu shingoni nje ya nyumba yake. Mzee alinusurika, ila mkono wake wa kuandikia haukurudia hali yake ya awali.

Na kati ya 1988 na 1994 kuna 1989. Februari ya mwaka huo Ayatollah Khomeini wa Iran alitoa fatwa ya kuuawa kwa Salman Rushdie. Baadhi ya wanachama wa Akademi ya Uswidi walitaka itoe tamko la kumtetea mwandishi huyo. Akademi ilikataa, ikishikilia kwamba haipaswi kujiingiza katika siasa. Wanachama kadhaa, miongoni mwao Kerstin Ekman na Lars Gyllensten, waliviacha wazi viti vyao kwa kupinga kimya hicho. Akademi ilikuja kuilaani fatwa mwaka 2016. Piga hesabu: miaka 27! Mtoto aliyezaliwa siku ya fatwa alikuwa amekwishamaliza chuo kikuu. Mwaka 2022 Rushdie alishambuliwa kwa kisu jukwaani katika jimbo la New York, akapoteza jicho moja.

Ninajua nimekanyaga pagumu. Wapo wasomaji wangu Waislamu ambao riwaya ya Rushdie iliwaumiza, na sina haki ya kuwaambia hawakuumia. Kuumia ni haki yao, na kulipinga neno kwa neno ni haki yao pia. Lakini neno halijibiwi kwa kisu. Chombo kilichojipa kazi ya kuwapima waandishi wa dunia nzima kingeweza kulisema hilo siku ile ile bila hata kuisifia riwaya yenyewe. Kilipojitia kutopendelea upande, kilikuwa kimekwishapendelea. Kimya nacho ni siasa, tena siasa isiyotoka jasho.

Msidhani kwamba kigugumizi hiki ni cha zama hizo tu. Mwaka 2023 shirika la Ujerumani liitwalo Litprom, lililokuwa likiwatuza wanawake waandishi kutoka Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na nchi za Kiarabu, lilimchagua Adania Shibli, Mpalestina. Riwaya yake fupi inahusu msichana wa Kibedui aliyebakwa na kuuawa na wanajeshi wa Israeli mwaka 1949. Sherehe ilipangwa kufanyika Oktoba katika Maonyesho ya Vitabu ya Frankfurt. Kisha Hamas ikaishambulia Israeli Oktoba 7, vita vya Gaza vikafuata, na sherehe ikaahirishwa. Mamia ya waandishi walitia saini barua ya kulalamika, wakisema kwamba maonyesho kama hayo yanapaswa kuwa mahali pa mwandishi kusemea, hasa nyakati za msiba. Miongoni mwao alikuwamo Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja, mshindi wa Nobel ya 2021.

Waswahili tunasema mpewa hapokonyeki. Waandaaji wangeweza kujitetea kwamba tuzo yenyewe haikufutwa, na ni kweli. Lakini fikiria kilichoondolewa. Kitabu kiliachiwa sifa zake; aliyenyimwa nafasi ni mtu mwenye mdomo, ambaye angesimama mbele ya watu na kusema. Hapa tena tunakutana na yale ya 1974. Kazi ya sanaa inakaribishwa, sauti iliyoizaa inaambiwa ingoje.

Ndiyo maana ninamheshimu Gurnah kwa saini ile kuliko kwa nishani aliyovishwa. Mtu aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akaishi Uingereza kama mkimbizi, alijua nishani si pambo la kabatini. Ni kipaza sauti, na mwenye kipaza sauti huweza kumshikia mwenziwe.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kila aliyefungwa ni mwandishi bora. Gereza halimpi mtu kipawa, na majaji wanaomtuza mwandishi kwa kumhurumia tu wanamtukana. Wala sisemi kwamba uhuru wa kusema ni haki ya kupewa nishani. Mwaka 2019 Nobel ilipomwendea Peter Handke wa Austria, aliyezungumza katika mazishi ya Slobodan Milošević, wengi walioteseka katika vita vya Bosnia walilia kwa uchungu. Handke alikuwa huru kusema aliyoyasema. Wao nao walikuwa huru kusema kwamba hastahili. Kuikosoa tuzo si kumfunga mtu mdomo. Hilo lazima tulitenganishe, maana siku hizi kila anayekosolewa hupiga mayowe kwamba amenyimwa uhuru.

Sasa mficha uchi hazai. Nimewasema Waswidi na Wajerumani, na sitakuwa mkweli nisipojisema mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mmoja wa majaji watatu katika shindano dogo la hadithi fupi za Kiswahili. Shindano lenyewe sitalitaja. Kulikuwa na mswada mmoja uliotuacha sote hoi. Ulihusu kijiji ambacho mkubwa wake aliuza kisima cha umma, na mwanamke mmoja aliyekwenda barazani na mtungi mtupu akauweka mezani mbele yake. Hakukuwa na tusi hata moja. Mtungi mtupu, basi. Tulikwisha kukubaliana kwamba ndio wa kwanza. Kisha bwana mmoja mpole, aliyetumwa na wafadhili aje "kutusalimia" tu, akauliza kwa upole ule ule: "Na hii, wazee wangu, mnaona itapokewaje?"

Hakutukataza. Wallahi hakutukataza. Hakuna aliyemjibu pia. Tulitazamana, mmoja wetu akakohoa, tukaanza kuona kasoro ambazo dakika kumi awali hazikuwapo. Ati mwisho umeharakishwa. Ati mhusika mkuu hajajengwa. Mswada ule ukawa wa tatu. Mimi ndiye niliyeandika maelezo ya majaji, na nakumbuka vizuri nilichokiandika: nilimpongeza mwandishi kwa "lugha sanifu na tamathali zilizokolea". Nilisifu lugha yake, swali lake nikaliacha mlangoni. Siku ya kutoa zawadi kijana alikuja akaupokea mkono wangu kwa mikono miwili. "Shikamoo, mwalimu. Ahsante." Nikaitikia marahaba. Sijawahi kuliona jina lake tena popote palipochapishwa.

Ninaposoma habari za 1974, huyo kijana hunijia. Majaji wale walikuwa na cha kuogopa kweli kweli, wakathubutu. Mimi niliogopa swali la mtu mpole.

Ndiyo maana ninaamini hatari kubwa kwa tuzo zetu za leo haitoki kwa askari, ijapokuwa askari wapo. Aprili 2025 wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walifika Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, katika tamasha za kitaifa za drama, mahakama ikiwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Vitoa machozi vikarushwa nje, na wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja wazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Dola inapokivunja hadharani, angalau kila mtu huona na kupiga kelele. Lakini kohozi la jaji ndani ya chumba kilichofungwa halisikiki nje, na aliyeumizwa nalo hatajua kamwe kwamba ameumizwa.

Tufanyeje basi? Nina mambo matatu, na hayahitaji bajeti. Kwanza, mfadhili na aketi ukumbini siku ya zawadi, asiketi chumbani siku ya uamuzi. Pili, majaji wachapishe sababu zao kwa kina, wazungumzie kazi inasema nini, si inasemaje tu. Maelezo ya mistari mitatu kuhusu "lugha sanifu" ni maficho. Nimewahi kujificha humo, ninapajua. Tatu, tuzo ikishampa mtu taji isimwache peke yake. Mshindi akikamatwa au kutishwa kwa ajili ya neno lake, waliompigia makofi waseme wiki hiyo hiyo, wasingoje miaka 27.

Wanafunzi wangu watakaponiuliza tena kuhusu Ngũgĩ, nitawaambia kwamba majalada ya Stockholm yatafunguliwa kwa wakati wake, na huenda watakaoyasoma ni wajukuu zao. Kisha nitawauliza swali langu. Waraka wa Abdilatif ulikuwa na maneno mawili tu kwenye anwani yake, na alama ya kuuliza. Tuliyatuza mashairi. Je, hilo swali tumelijibu? Hatujalijibu. Na hapo, wapenzi wa sarufi, ile "-ja-" bado ipo.